Jaruba Mlangoni kwa Restuta

Harufu ndiyo iliyompokea. Kabla hajashusha mfuko wa mchele aliofungashiwa na baba yake mdogo kule kijijini Mbingu, kabla hajaupapasa ufunguo ndani ya mkoba, Restuta alinusa kitu kilichooza upande wa bustani, na moyo ukamwambia hapohapo kwamba ni mimea yake. Aliuacha mfuko mlangoni, akazunguka nyumba kwa haraka, viatu vya safari vikiwa bado miguuni.

Puya zake zilikuwa zimesimama ndani ya maji.

Wala hayakuwa maji ya mvua. Mvua ilikuwa imeipa Ifakara kisogo, jua likawaka mpaka vumbi la barabara ya Kibaoni likarudi kazini. Maji haya yalikuwa yameletwa kwa ndoo. Kile kilima cha kokoto alichokijenga mwenyewe, kokoto alizozipepeta na kuzichanganya na pumba za mpunga zilizochomwa, kilikuwa kimesawazishwa chini. Mahali pake palikuwa na tope jeusi, na kulizunguka tope hilo palikuwa na ukingo wa udongo. Jaruba! Jaruba la mpunga, mlangoni kwa mtu, katikati ya mji.

Ambaye hajawahi kuiona puya asijilaumu, maana bonde zima la Kilombero lilikuwa halijaiona mpaka Restuta alipoileta. Ni ndugu yake nanasi, lakini ndugu asiyezaa cha kuliwa. Majani yake ni marefu, ya kijivu, yamejipanga kwa duara, na pembeni yana miiba iliyopinda kuelekea ndani kama ndoana. Kwao ni milima ya mbali, Amerika ya Kusini, juu kwenye mawe ambako usiku kuna baridi ya kung'ata. Mbegu zake alipewa na Sista Angelina, mtawa mzee aliyemlea kule milimani, upande wa Mahenge, tangu wazazi wake walipofariki. Sista naye aliletewa na mtawa mwenzake wa huko. "Utazikosea mara nyingi," Sista alimwambia, "lakini kumbuka moja: zisilale na miguu mibichi." Mwaka uliofuata Sista akazikwa. Mbegu zile ndizo urithi pekee Restuta aliopata duniani.

Akazipanda Ifakara, kwenye joto la kumtoa jasho mjusi. Majirani walimcheka. "Resti, umekosa mchicha mpaka unapanda miiba?" Nyingi zilikufa zikiwa bado ndogo. Zilizobaki alizilea miaka mingi kwa wavu wa kivuli na mawe aliyoyanyunyizia jioni yapoe, mpaka zikafikia upana wa ungo. Hazikuwa zimewahi kutoa ua. Restuta alikuwa anangoja, na kungoja alikuwa amekuzoea.

Ni puya hizihizi zilizomletea Remigius. Alikuja kutengeneza pampu ya kisima, kijana fundi wa matrekta mwenye mikono ya grisi, akapeleka mkono nyuma ya bomba, na mmea ukaudaka.

"Usivute!" Restuta alimpigia kelele siku ile.

"Dada, mmea wako umenikamata."

"Haujakukamata. Wewe ndiye uliyeingia. Ukivuta, inazama zaidi. Sukuma mkono ndani kwanza, miiba iachie, halafu utoke polepole."

Alimshika kifundo cha mkono, akamwongoza. Miiba ikaachia. Kijana hakuutoa mkono wake. Alimtazama Restuta machoni mpaka mwanamke mzima, aliyekwishaamua kwamba mambo ya mapenzi yamempita, akajikuta anatazama chini na kucheka bila sababu. Remigius alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, na hilo ndilo lililoleta vita.

Maana Mama Remi, Bernadeta, hakupepesa macho siku alipopelekewa mkwe amsalimie. Alimpima kuanzia kilemba hadi kisigino, kisha akamwambia mwanawe, Restuta akisikia: "Amekupita umri. Na mwanamke anayefuga miiba mlangoni hataki watu." Tangu siku hiyo wanawake wale wawili walipeana shikamoo na marahaba tu, basi. Remigius alibembeleza, akanuna, mwisho akasema ataoa hivyohivyo. Jumapili iliyokuwa inakuja, mshenga, Mzee Ildefonce, alikuwa aende Mbingu kwa baba mdogo kupeleka posa. Restuta alitangulia huko kusaidia kupandikiza mpunga na kuandaa watu. Sasa amerudi, na haya ndiyo aliyoyakuta.

Aliingia topeni. Alishika jani la katikati la mmea wa kwanza, akalivuta kidogo. Moyo wote wa mmea ukamfuata mkononi, laini, unanuka. Akaenda wa pili, kisha wa tatu. Yote ilikuwa vilevile. Kwenye mwiba wa mmea wa mwisho palikuwa na uzi umenasa, wa zambarau na njano. Aliutazama sana. Kitenge kile alikijua. Alikuwa na Remigius dukani siku alipomnunulia mama yake zawadi ya Krismasi.

Pikipiki ikaingia uani.

"Resti! Mbona hukunipigia nikufuate stendi?" Remigius alivua kofia huku anacheka. Kicheko kilikatika. "He! Kumetokea nini hapa?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimetoka Mlimba sasa hivi. Trekta ya watu ilikufa, nimekwama huko tangu ulipoondoka."

"Na hapa ulimwachia nani?"

"Mama," alisema, akaanza kuona mahali maneno yanapoelekea. "Nilimpa ufunguo wa geti. Nikamwambia apitie aangalie tu, mbuzi wa jirani wasije wakaingia."

"Ulimwambia zisipewe maji?"

Remigius alijikuna shingo.

"Nakuuliza, Remi. Nilikuomba kitu kimoja tu. Ulimwambia?"

"Nilikuwa nimeshapanda pikipiki, wananipigia simu wale wa trekta... Sikufikiri kama angeleta maji. Nilijua hata hapapendi hapa."

"Eeh. Hapapendi." Restuta alimwinulia ule uzi. "Huu unaujua?"

Aliujua. "Resti, mama hawezi kufanya kitu kama hiki kwa makusudi."

"Hawezi? Alisema mwenyewe, mimi nimesimama pale! Mwanamke anayefuga miiba. Basi kaiondoa miiba. Kabomoa kilima changu, kajaza tope, kabeba maji ndoo kwa ndoo mpaka zikaoza. Mtu anachoka hivyo bila makusudi?"

"Labda alitaka kusaidia."

"Kusaidia! Wiki ya posa? Sista hana kaburi ninaloweza kwenda kulifagia kila siku, Remi. Nilikuwa na hizi. Basi niambie. Mtu anayeingia kwenye ua wa mwenzake akiwa hayupo, akafanya mambo yake, akaacha vitu vimekufa, kwenu anaitwaje?"

"Restuta."

Hajawahi kumwita kwa jina zima.

"Anaitwaje?"

"Usilitoe hilo neno. Nakuomba. Wewe peke yako nilikwambia."

Ni kweli, alimwambia. Wakati mmoja, wamekaa kwenye kizingiti hiki hiki, Remigius alimsimulia jinsi baba yake alivyofariki kule Mahenge, na jinsi baba zake wadogo, hata matanga hayajaisha, walivyomwita mama yake neno hilo na kumtoa nyumbani na sufuria moja kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto ndiye yeye. Mama aliteremka bondeni, akakodi shamba la watu, akamlea kwa mpunga. Restuta alilia siku ile na kumwambia, masikini mama wa watu. Yote hayo aliyakumbuka sasa. Lakini hasira ikishashika usukani, mwenye gari anakuwa abiria.

"Mchawi," alisema. "Mama yako ni mchawi."

Remigius hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama kama mtu anayemfananisha mtu na asipate jina, akachukua kofia yake juu ya tangi, akaivaa, akaifunga kamba taratibu.

"Mzee Ildefonce nitampigia mwenyewe," alisema. "Jumapili asisumbuke."

"Remi..."

Pikipiki ikawaka. Geti likabaki wazi.

Restuta alilia. Alilia kwa kwikwi, amesimama topeni, mpaka kuku wa jirani wakasogea kumwangalia. Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo alilijua tangu utoto, na leo kayamwaga mwenyewe, mbele ya mwanamume aliyempenda kuliko alivyodhani anaweza kupenda. Machozi yalipomchosha alikwenda kuchukua jembe abomoe lile jaruba, maji yatoke, ile harufu iishe.

Aliinua jembe, akalishusha bila kupiga.

Ukingo ulikuwa laini. Ulipigwapigwa kwa kiganja, pande zote mbili, jinsi wanavyofanya wanawake wa bonde kwenye kitalu cha mbegu, si kwenye shamba la kawaida. Upande wa juu ulikuwa na mdomo wa kuingizia maji. Upande wa chini ulikuwa na mdomo wa kuyatoa, umezibwa kwa nyasi ili yasipite kiasi. Restuta ametoka kupandikiza mpunga juzi. Alizijua kazi za kulipua na alizijua kazi za moyo. Akainama. Topeni palikuwa na mbolea ya ng'ombe iliyochekechwa. Majani hayakuwa na gugu hata moja, hata kule ndani katikati ya miiba, ambako yeye mwenyewe huingiza kijiti kwa kuogopa. Mtu aliingiza mikono. Na ukutani, juu ya gunia lililotandikwa, kokoto zake zote zilikuwa zimerundikwa vizuri, zimeoshwa.

Anayekuchukia hakuoshei kokoto. Anayekuchukia angeng'oa, jambo la dakika moja. Haya yalikuwa mapenzi ya mtu wa mpunga, ambaye maisha yake yote ameona mche ukifa kwa kiu na hajapata kuona unaokufa kwa maji.

"Yesu wangu," alisema Restuta, akaketi chini palepale kwenye tope.

Jua lilikuwa limelegea alipofika mtaa wa Lipangalala, nyumbani kwa mama yake Remigius. Mama Remi alikuwa barazani, ameketi kwenye kigoda, kile kitenge cha zambarau kimemfunika mapajani na mikono iko chini yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kiti hicho."

Restuta alitoa mkono kwa adabu, wa kushoto ukishikilia wa kulia. Mama Remi aliutazama, wake hakuutoa. Restuta akaketi na aibu yake.

"Habari za Mbingu? Baba mdogo hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Mpunga mmepandikiza?"

"Tumemaliza."

"Vizuri." Mama Remi alikohoa, akatazama upande, kisha akauliza kwa sauti ambayo Restuta hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya aibu kidogo: "Na ile miche yako? Sijapita huko siku kadhaa. Imekubali?"

Kumbe hajaambiwa kitu.

"Remi hajapita hapa?"

"Kapita. Kachukua nguo zake mbili, kaondoka hata chakula hajagusa. Nimemwuliza, hasemi. Mmegombana?" Hakungoja jibu; alikuwa na lake. "Niliikuta na hali mbaya, mwanangu. Imekuwa ya kijivu. Halafu iko juu ya mawe! Nikasema, masikini, huyu mtoto hana mama, nani angemfundisha? Nikayatoa mawe. Nimeyaosha, yako ukutani, usiseme yamepotea."

"Nimeyaona, mama."

"Remi aliniambia nikikataa ataoa bila mimi. Nikalala nikawaza. Mimi maneno mazuri sina, nimenyimwa. Nikasema bora nikamlimie. Mkwe wangu akirudi akute kazi, ataelewa mwenyewe."

Mkwe wangu. Neno alilolingoja miezi yote hiyo, amepewa leo.

"Naomba mikono yako, mama."

"Ya nini? Iache."

"Naomba."

Mama Remi aliitoa polepole. Ilikuwa imevimba, imechanwa kuanzia vidole mpaka viwiko, na hapa na pale ncha nyeusi za miiba zimezama chini ya ngozi. "Mingine imegoma," alisema, kama anayejitetea. "Nikiivuta inazidi kuzama."

"Ina namna yake." Restuta alichomoa pini kwenye kilemba, akasogeza kiti, akauweka mkono wa kulia wa yule mama mapajani mwake. Akautoa mwiba wa kwanza. Akautoa wa pili. Kwenye wa tatu akasimama katikati, pini mkononi, maana hakuweza kuendelea kuushika mkono ule na uongo mdomoni.

"Zimekufa, mama."

"Zipi?"

"Puya. Hazitaki maji. Kwao ni juu milimani, kwenye mawe. Ile rangi ya kijivu ndiyo afya yake."

"Zote?"

"Zote."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Tulikuwa hatuzungumzi, mama."

"Kweli," alisema yule mama taratibu. "Tulikuwa hatuzungumzi."

"Kuna lingine." Restuta alishuka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu ya baraza. "Nilidhani umefanya kusudi. Nilimwambia Remi hivyo. Nikakuita jina baya. Ndiyo maana ameondoka, ndiyo maana amesema Jumapili mshenga asiende. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu."

"Jina gani?"

Restuta aliinamisha kichwa. Ulimi uliokuwa mwepesi mchana sasa ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

"Basi usiseme, nalijua," alisema Mama Remi. Akauvuta mkono wake, akaurudisha chini ya kitenge. "Niliitwa hilo na shemeji zangu, nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba. Lakini wao angalau walikuwa na maiti ndani. Wewe ulikuwa na majani."

Hakuna kibao ambacho kingemuuma Restuta kuliko maneno yale, hasa kwa sababu yalisemwa bila ukali. Alikaa palepale, magoti yanamuuma, hakuthubutu kufuta machozi. Kuku wa Mama Remi walipita mmoja mmoja kuelekea bandani. Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga. Yule mama alitazama barabara, mbali, kule ambako siku ikiwa safi milima huonekana.

Mwisho Restuta akajiinua. "Sina la kujitetea, mama. Nakwenda."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na huu mwiba uliouacha nusu?"

Mkono ulikuwa umetoka tena chini ya kitenge, kiganja juu.

"Malizia. Unauma."

Restuta alirudi kitini haraka, akauchukua. "Mama, nisamehe."

"Sijasema nimesamehe. Nimesema malizia."

Giza lilianza kuingia, Restuta akawa anainama zaidi ili aone. Hapo ndipo pikipiki iliposimama nje ya ua. Remigius aliingia na mfuko wake wa nguo begani, akawaona, akasimama. Macho yake yalikwenda kwenye mikono ya mama yake, yakaenda kwenye uso wa Restuta, yakabaki hapo muda mrefu, na Restuta aliona ndani yake hasira na hamu vinagombana.

"Unafanya nini hapa?" alimwuliza.

"Ananitoa miiba," alijibu mama yake bila kugeuka. "Mpigie Ildefonce. Mwambie Jumapili iko palepale."

"Mama, hujui alichokisema huyu."

"Najua. Kaniambia mwenyewe, amepiga magoti hapo." Mama Remi aligeuka sasa. "Baba zako wadogo huu mwaka wa ngapi, Remi? Kuna aliyewahi kuja kuniambia usoni, nilikosea?"

Remigius aliutua mfuko chini.

"Basi mpigie mzee. Halafu leta taa, haoni."

Remigius alisimama bado, kama asiyejua aanze na lipi. Kisha akaingia ndani, na baada ya kitambo wakaisikia sauti yake inasema shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu. Alipotoka na taa alichuchumaa karibu yao, akaisogeza. Hakumtazama Restuta. Lakini goti lake liligusa goti la Restuta, na hakuliondoa.

"Huu umeingia sana, mama," Restuta alisema. "Utauma."

"Fanya."

Akausukuma mwiba ndani kidogo kwanza. Mama Remi alikaza meno, mkono hakuuvuta.